Matuta Yaliyoitwa kwa Jina Langu

Kevin, mwalimu mwanafunzi aliyejiunga nasi muhula uliopita, ndiye aliyeniomba niandike kurasa hizi za kuwekwa kwenye faili ya idara ya Kilimo. Alisema niandike kuhusu "safari yangu". Nikamwambia safari yangu ilikuwa kutoka Thika hadi Ruiru, na mtu akiamua kutembea anafika kabla ya chakula cha jioni. Hakucheka. Vyeo sitaviandika, na mshahara nyote mnaujua. Nitaandika kuhusu kabichi, na kuhusu mwanamke mmoja niliyemwonea wivu tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na ambaye kusema kweli bado ninamwonea.

Jina langu ni Lilian Nekesa. Nilizaliwa Kamenu, mjini Thika, katika chumba ambacho baba alikipanga alipotoka Bungoma kuja kufanya kazi kiwandani. Shamba letu pale lilikuwa mikebe mitatu ya vitunguu vya majani kwenye dirisha. Kilimo nilikijulia kwa nyanya yangu Bungoma, nilikopelekwa kila likizo, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri na kazi kubwa ya mkulima ni kuyatoa maji shambani, siyo kuyatafuta. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, wenzangu wa chuoni walipelekwa Nyeri, Nakuru, na mmoja hata Mombasa. Mimi nilipewa shule ya kutwa huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika, nikalala kwa mama yangu muhula mzima. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vya dada yangu. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua bado ipo, na kufikia lango la shule kila kiatu kilikuwa kimebeba tope la kutosha kupandia mchicha. Nikiwa nimesimama hapo nikivikwangua kwa kijiti, msichana wa rika langu alifika kwa baiskeli, amevaa gambuti za mpira, viatu vyake safi vimening'inia kwenye usukani ndani ya mfuko. Aliteremka, akabadilisha, akanyoosha sketi, akaniuliza kama na mimi ni wa TP, yaani mazoezi ya kufundisha. Huyo ndiye Wanjiru. Nilianza kumchukia kwa ajili ya gambuti, mengine yalifuata.

Alikuwa wa chuo kingine, lakini alizaliwa karibu na shule hiyo, wazazi wake wakiwa na ng'ombe wawili na shamba dogo. Wanafunzi walimjua. Wapishi walimjua. Mbwa wa mlinzi alimjua. Mimi nilikuwa nauliza choo kiko wapi, naye tayari ameshaletewa chai.

Mwalimu wetu wa kutusimamia aliitwa Kariuki. Alikuwa mzee mrefu, mkonde, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Penseli yake ilikaa juu ya sikio, na raba yake ilifungwa kwa uzi kwenye kifungo cha koti, kwa sababu, alivyosema, wanafunzi walikuwa wamemwibia raba za kutosha kujaza debe. Jina langu alilitamka Ririan. Sikuwahi kumsahihisha, maana mimi natoka kwa watu ambao wakichangamka husema kapichi. Kilichonikera ni kwamba yeye na Wanjiru waliongea Kikuyu shambani, wakacheka dakika nzima, kisha akanigeukia na kunitafsiria: "Tunasema ni mvua."

Mwaka huo baraza la mitihani lilikuwa limechagua kabichi kuwa mradi wa kidato cha nne. Kwa wale msiowahi kusimamia miradi, kazi ni hii: kila mtahiniwa anapewa kipande chake cha ardhi, anakitayarisha, anahamisha miche kutoka kitaluni, anaitunza mpaka kuvuna, na kila anachofanya anakiandika kwenye daftari lake siku hiyo hiyo. Mwalimu anatoa alama kila hatua. Alama hizo zinaingia kwenye mtihani wa taifa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuanguka au kusimama kabla hajaingia chumba cha mtihani. Tulikuwa na watahiniwa arobaini. Mwalimu Kariuki alinipa ishirini, akampa Wanjiru ishirini, akatuambia tuwaongoze tunavyojua, naye atakuwa akipita.

Mimi niliwaongoza watoto wangu kuinua matuta. Tuliinua kweli, mpaka yakafika katikati ya muundi, kingo zimenyooshwa kwa kamba, uso umelainishwa kwa reki. Yalipendeza. Upande wa pili Wanjiru aliwafanya wake wachimbe kwenda chini. Walitoa udongo wa juu wakauweka kando, wakashuka kadiri ya kiganja, wakachanganya samadi, wakarudisha nusu ya udongo na kuacha kingo pande zote, tuta likawa kama sinia. Nilimwuliza kama anapanda kabichi au anachimba kaburi. Alisema huku kwao ndivyo mama yake anavyofanya.

Wiki mbili za kwanza mvua ilinyesha usiku na mchana, na masinia yake yakajaa maji. Miche ikabaki kama watu wanaovuka mto. Mimi nilifurahi. Nimekuwa mtu wa kanisa maisha yangu yote, na ninaandika hapa kwamba nilifurahi. Wanjiru aliwaonyesha wanafunzi wake kukata pengo dogo kwenye ukingo wa chini ili maji yatoke, basi. Nilipita hapo kila asubuhi nikiwa na uso wa pole, nikarudi kwenye matuta yangu nikitembea kwa madaha.

Kisha mvua ikakatika. Watu wa Gatuanyaga wanajua inavyokatika: leo umelowa, wiki ijayo unafuta vumbi kwenye meza. Wanafunzi wa Wanjiru walifunga yale mapengo kwa visigino, wakatandaza nyasi kavu, wakaendelea na shughuli zao. Maji ya shule yalitoka kwenye tangi moja, na kila mtahiniwa alipewa mtungi mmoja wa lita ishirini kwa siku. Watoto wangu walimwaga maji juu ya tuta, yakateremka kila upande mpaka njiani, yakanywesha magugu. Wa Wanjiru walimwaga kwenye sinia, yakakaa. Kabichi zangu zilianza kuinama saa nne asubuhi. Sikilizeni vijana: kabichi ikinyauka saa nane mchana, iache, ni jua. Ikiwa bado imenyauka saa moja asubuhi, hiyo ina kiu, na wewe una shida.

Miongoni mwa watahiniwa wangu kulikuwa na msichana aliyeitwa Mumbua. Alikuwa akitembea kutoka upande wa Yatta kila siku, mpole, mwandiko wake kwenye daftari la mradi mzuri kuliko wangu. Alitaka kwenda chuo cha kilimo. Masomo mengine yalikuwa yakimsumbua, na Kilimo ndicho alichotegemea kimbebe. Siku moja alinifuata kwenye tangi akiwa na mtungi mtupu.

"Madam," aliniambia, "si na sisi tuchimbe ziwe kama za Madam Wanjiru? Zile zinashika maji."

Nilimwuliza kama yeye ndiye mwalimu. Akajaza mtungi, akaenda. Mtoto alisema kweli, na nililijua hilo wiki nzima kabla hajafungua mdomo. Lakini kushusha matuta yale kulimaanisha wanafunzi arobaini, wapishi na mbwa wa mlinzi wote wanione nikimfuata Wanjiru. Niliona afadhali kabichi zife. Tena hazikuwa kabichi zangu.

Kazi hiyo ya kuziua ilikatizwa na malaria. Nililala Kamenu wiki tatu, na hospitalini waliniongezea typhoid, maana siku hizo ulikuwa hutoki pale na ugonjwa mmoja. Wanjiru alichukua darasa langu juu ya lake. Kila nikifumba macho nilimwona na gambuti zake katikati ya watoto wangu. Jumamosi moja alikuja kuniona, ameleta chupa ya maziwa na ndizi. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, mambo shambani yako sawa. Alipoondoka mama alimsifu mpaka Jumatano.

Nilirudi asubuhi ya siku ya mwisho ya mradi, nimekonda, sketi nimeibana kwa pini. Siku hiyo Mwalimu Kariuki alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine, na ambao mimi nimeufuata mpaka nilipostaafu. Kila mtahiniwa alikata kabichi tatu bora za tuta lake na kuzileta maabara. Mzee alizipokea mlangoni, akaziwekea kijikaratasi chenye namba, na jina la mwenyewe akaliandika kando ya namba hiyo kwenye daftari alilolificha ndani ya koti. Sisi tulifungiwa chumba cha walimu. Kwenda shambani ilikuwa marufuku, kuongea na mwanafunzi pia. Alisema anataka tuone kabichi, siyo mwenye kabichi. Kisha tukaitwa mmoja mmoja kupita kwenye meza na kutoa alama kati ya kumi, kwa penseli. Alama zetu wawili zingejumlishwa na kugawanywa, na kesho yake yeye angeziandika kwa biro. Zikishaandikwa kwa biro zinakwenda kwa baraza, hakuna wa kuzigusa.

Nilipita kwenye meza zile nikiwa na hesabu yangu. Kabichi ndogo, laini, zenye majani ya kijivu ni za watoto wangu. Kabichi kubwa, nzito, zilizofunga mpaka ukizigonga zinalia kama mlango, ni za Wanjiru. Ningewezaje kukosea? Kila nilipokuta kubwa nilitafuta kasoro. Hii majani ya nje yamechafuka. Hii imekatwa shina refu mno. Hii, sijui, ina kiburi. Nilizipunguzia alama mbili mbili. Nilizikumbuka namba zote nilizozipunguzia, zilikuwa kumi na mbili. Namba kumi na nne ilistahili tisa, na mkono wangu ulijua hivyo, nikaandika saba.

Tulikaa watatu kwenye meza ya maabara, mzee akatoa daftari kwenye koti na kuanza kusoma majina. Namba moja nilimjua, wa Wanjiru. Namba mbili wangu, ndogo, sawa. Namba sita, mojawapo ya zile kubwa, akataja mvulana wangu. Nilidhani amesoma mstari wa chini. Namba tisa, kubwa, wangu. Alipofika kumi na nne alisoma polepole, kama mtu anayependa sauti ya jina: Mumbua.

Kati ya zile kumi na mbili, saba zilikuwa za watoto wangu. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Sikuelewa kilichotokea shambani nikiwa kitandani, lakini nilielewa vizuri nilichofanya mimi.

Mzee alifunga daftari. "Kuna mwenye alama ya kubadilisha kabla nishike biro?"

"Mimi," nikasema.

Aliuliza kwa nini. Nilimwambia macho yangu bado yana homa. Akainuka akaja upande wangu, na kwa sababu raba ilikuwa imefungwa kwenye kifungo cha koti lake, ilibidi asimame ameniinamia muda wote niliokuwa nikifuta. Nilifuta saba. Saba za watoto wangu. Namba kumi na nne niliiandikia tisa. Nikamrudishia raba, lakini hakusogea; karatasi ya alama za Wanjiru alikuwa nayo mkononi.

"Na hizo tano zingine?" akaniuliza. "Kwani hiyo homa ilikuwa inachagua?"

Nilichukua raba tena. Wanjiru alikuwa amekaa mbele yangu, mikono mapajani, anaona kila kitu. Nilipomaliza ya mwisho aliinuka akasema anaenda kuangalia kama chai iko tayari. Hakusema neno lolote kuhusu alama hizo siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, na kwa hilo nilimwonea wivu kuliko kwa gambuti. Mimi ningesema. Ningesema mpaka mbwa wa mlinzi ajue.

Tulipomaliza chai nilienda shambani. Matuta yangu yalikuwa bado yameinuka, lakini karibu nusu yalikuwa yamejengewa kingo za udongo pande zote, juu yametandazwa nyasi, na katikati udongo ulikuwa na unyevu mpaka kwenye kiungo cha pili cha kidole changu. Hawakuweza kuyashusha bila kung'oa kabichi, kwa hiyo walikuwa wameyageuza masinia hapo hapo juu. Nilimwuliza Mumbua ni nani aliyewaambia. Alitazama chini, akasema walijaribu tu wenyewe. Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yetu. "Hawa watoto wako ni wajanja, Nekesa," alisema. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Mumbua alipita na akaenda chuo alichotaka. Nilitumiwa habari hiyo nikiwa nimeshaajiriwa huku kwetu Ruiru, upande wa Mwihoko, shule ambayo nyote mnaijua kwa udogo wake. Shamba la shule lilikuwa ukanda kati ya ukuta wa madarasa na ukuta wa nyumba za kupanga. Nguo za wapangaji zilianikwa juu ya sukumawiki zetu. Miradi tuliifanya kwenye magunia, kwenye matairi makuukuu, mwaka mmoja hata kwenye sinki lililotupwa. Nimewahi kufika shuleni asubuhi nikakuta mbuzi wa jirani amekula matuta kumi na moja siku ya kutoa alama. Nilipiga goti nikahesabu mashina, nikapima unene wake kwa rula, nikasoma madaftari ya wanafunzi, na nikatoa alama kwa kazi iliyofanyika kabla ya mbuzi. Ndiyo maana nawasumbua kuhusu madaftari. Mbuzi hali daftari, au akila, hali yote arobaini.

Wanjiru alipelekwa kufundisha kwao Gatuanyaga. Tulikutana kila mwaka kwenye mikutano ya walimu wa Kilimo wa wilaya, na kila mwaka nilikaa nyuma yake nikiangalia kichwa chake. Alikuwa akiulizwa maswali na watu wazima. Wanafunzi wake walikuwa wakipata alama ambazo wangu waliziota. Aliolewa na mwanamume anayejua kufua. Mimi nilikuwa na hoja moja tu ya kunifariji, kwamba ana ardhi na mimi nina sinki.

Baadaye shule yetu ilipata uwanja nyuma ya jengo jipya, na mwaka huo huo ukaja ukame. Nilijua cha kufanya, kwa sababu nilishakiona. Niliwaambia wanafunzi wachimbe kwenda chini, watoe udongo wa juu, samadi, warudishe nusu, waache kingo. Jirani zetu wote kabichi zao ziliungua. Zetu zilifunga. Mwalimu mkuu alikuja kuangalia na wageni wa wilaya, akaniuliza mbinu hii ni ya nani. Nilitazama viatu vyangu. Nilisema, "Ni kitu tu nilianza kujaribu." Sentensi hiyo niliisema kwa upole sana, na upole wenyewe ulikuwa wa uongo.

Wiki iliyofuata fundi aliandika kibao kwa rangi nyeupe: MATUTA YA MADAM LILIAN. Walimu wa shule nyingine wakaanza kuja. Waliandika kwenye vitabu vyao, wakapeleka shuleni kwao, na mpaka leo mtu wa Juja hadi Githurai anayechimba tuta la kuzama anasema ni la Madam Lilian. Nimesikia jina langu likitajwa na watu ambao hawakujua kwamba nimesimama hapo. Nawaambia ukweli, ni kitu kitamu.

Kikundi cha tatu cha wageni kilitoka Gatuanyaga. Wanjiru alikuwa mmoja wao. Alivaa viatu vya kawaida, na nakumbuka niliona hilo kwanza. Alisimama mbele ya kibao, akakisoma mpaka mwisho, ingawa ni maneno manne. Nilingoja. Walimu wanane walikuwa wakimsikiliza, na mimi nilikuwa tayari na jibu, kwamba hata mama yake hakuyabuni. Akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye udongo, akanitazama.

"Zimeshika maji vizuri, Nekesa," alisema.

Kisha akasimama na kuanza kuwaeleza wenzake jinsi ya kukata pengo kwenye ukingo mvua ikizidi, kwa sababu hilo mimi nilikuwa nimelisahau kwenye maelezo yangu.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaa nyuma yake mkutanoni. Nilikuwa nakaa mbele, ili nisimwone. Alistaafu miaka miwili kabla yangu. Sikwenda kwenye sherehe yake. Nilisema nina homa.

Sherehe yangu ilikuwa muhula uliopita, nanyi mlikuwepo. Kevin alisimama akasema maneno mazuri kuhusu mradi wa wanafunzi, akasema yeye mwenyewe alichimba matuta ya Madam Lilian akiwa kidato cha nne, na ndiyo sababu alisomea Kilimo. Mlipiga makofi. Mlinipa jembe lililopakwa rangi ya dhahabu, ambalo halilimi. Nilikula keki yenye umbo la tuta, na nikajionea wivu, maana sikujua huyo Madam Lilian mnayemsifu ni nani.

Siku chache baadaye nilienda kununua miche. Nina uwanja mdogo Kamenu nyuma ya nyumba ya mama, na nilitaka kupanda kabichi zangu mwenyewe, zisizo na mtahiniwa. Kando ya barabara kuna mwanamke anayeuza miche kwenye trei, kazi yake safi, kila trei na jina lake. Aliniita "Madam" kabla sijamtazama usoni. Alikuwa Mumbua, amenenepa, miwani puani. Alinichagulia miche moja moja. Alisema kila anayenunua kwake anafundishwa kwanza tuta la kuzama, kama alivyofundishwa na Madam Wanjiru.

Niliumia. Mtoto alikuwa wangu. Nilimkumbusha, nikicheka kidogo, kwamba wao walijaribu wenyewe, yeye mwenyewe aliniambia.

Mumbua aliweka trei chini. "Kwani Madam hukuwahi jua? Ni yeye alituonyesha, ukiwa mgonjwa. Alishika jembe mwenyewe, jioni tatu, akabeba udongo na karai. Akatuambia tukiulizwa tuseme ni sisi, ati ukipona usione kama amekunyang'anya darasa."

Nilimshukuru, nikachukua miche, nikaenda. Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti cha mama bila kuvua viatu, nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimemwibia mtu kitu kwa miaka yote hiyo, na kumbe kabla sijamwibia alikuwa ameshanipa. Alama nilizopunguza siku ile, kabichi nilizozitafutia kasoro, nyingi alikuwa amezibeba yeye kwa karai, kwa ajili yangu. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nilitamani ningekuwa mimi niliyelifanya.

Kwa hiyo Kevin, hii ndiyo safari yangu. Kesho chukua rangi nyeupe na brashi, zipo kwenye stoo nyuma ya magunia ya mbolea. Futa jina langu kwenye kibao. Andika MATUTA YA MADAM WANJIRU, na chini yake, kwa herufi ndogo, uandike "wa Gatuanyaga", ili wasije wakadhani ni Wanjiru mwingine. Wanafunzi wakiuliza kwa nini, wape kurasa hizi wasome. Na mkifika siku ya kutoa alama, wekeni namba, ficheni majina, na raba ifungwe kwenye koti la mtu mwenye macho.

Kurasa hizi niliziandika kwanza kwa penseli, kama mzee alivyonifundisha. Nimekaa nazo siku nne, na mara mbili nimelifuta jina la Wanjiru. Leo asubuhi nimechukua biro.